Faili moja lina tarehe tatu za kuzaliwa, mfumo unataka moja. Nifanye nini?

Binti wa Masjala (Chake Chake)

Assalaam alaykum ndugu zanguni. Naomba mawazo yenu, hasa nyinyi mlio kwenye utumishi, na nyinyi mliostaafu mkaijua kazi hii ilipokuwa ya karatasi tupu.

Mimi ni afisa utumishi katika taasisi moja ya serikali hapa Chake. Kabla ya hapo nilikaa masjala miaka tisa. Faili zetu nazijua hadi harufu. Kuna mwaka paa lilivuja mvua za masika, tukazitandaza juu ya mikeka uani tukazianika kama karafuu, na mpaka leo zipo ambazo wino wake umekimbia.

Sasa tumeletewa agizo kutoka makao makuu Unguja: taarifa za watumishi wote ziingizwe kwenye mfumo wa kompyuta kabla ya mwisho wa Juni. Faili zangu ni 183. Agizo lenyewe nalipenda kwa moyo mmoja. Nimechoka kumuona mtu wa Mkoani anapanda gari mara tatu kufuatilia ruhusa ya likizo, na barua yake imelala mezani kwa mtu aliyesafiri. Nataka hayo yaishe nami nikiwa bado kazini.

Kinachoninyima usingizi ni faili la mama mmoja, mhudumu wetu, mtu wa Kiuyu Minungwini, aliyeajiriwa 1991. Fomu ya ajira inasema kazaliwa 1968. Kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi kinasema 1963. Halafu kuna hati ya kiapo ya mahakamani, aliileta miaka ya nyuma walipoambiwa kila mtu apeleke cheti cha kuzaliwa, hiyo inasema 1965. Cheti hana. Kazaliwa nyumbani, mkunga alikuwa bibi yake.

Mfumo una kisanduku kimoja tu cha tarehe ya kuzaliwa, na ukishakijaza unakokotoa wenyewe siku ya kustaafu, miaka 60. Nikiandika 1968 anastaafu 2028. Nikiandika 1965 alitakiwa aondoke mwaka jana. Nikiandika 1963 alitakiwa aondoke 2023, na mishahara aliyopokea tangu hapo inakuwa deni. Huyu ni mama anayefika kazini saa 12 na nusu asubuhi kabla ya mtu yeyote, anafungua madirisha, anachota maji, sisi tukija tunakuta ofisi inang'ara.

Nikamwita, nikamuuliza kwa upole. Akafurahi kuulizwa. Akaniambia, "Mwanangu, habari za Mapinduzi zilipofika huku mimi nilikuwa natambaa, ndivyo alivyonihadithia mama." Akidhani ananisaidia. Mapinduzi ni Januari 1964. Mtoto anayetambaa Januari 1964 kazaliwa 1963. Sikuweza kumjibu kitu, nikamwambia ahsante mama.

Mkubwa wangu wa kazi, mtu mwema na mwenye mambo mengi, kaniambia nijaze iliyo kwenye kitambulisho, mengine yatarekebishwa baadaye. Mimi nimekaa masjala miaka tisa na sijapata kuiona hiyo baadaye ikifika. Karatasi ikikosewa, mtu anaweza kufunua folio ya nyuma, yaani karatasi yenye namba yake ndani ya faili, akaliona kosa. Mfumo ukikosewa, faili litarudi kabatini na hakuna atakayelifunua tena, kwa sababu kila mtu ataamini kilichoko kwenye skrini.

Na si yeye peke yake. Nimeshafungua faili 60. Kumi na nne zina tarehe zinazogongana. Tisa hazina barua ya kuthibitishwa kazini, na humo mna watu wenye miaka kumi na zaidi. Watano wanakaimu nafasi tangu enzi za mkubwa aliyepita na hakuna karatasi ya kuwakaimisha wala ya kuwavua.

Basi maswali yangu ni mawili. La kwanza, tarehe ipi naiandika? La pili ndilo kubwa: niombe kazi isimame mpaka faili zisafishwe, au nijaze hivyo hivyo ili tusionekane Pemba ndio tuliochelewa?

Mstaafu wa Mwembetanga

Waalaykum salaam mwanangu. Nimefanya kazi hii miaka 34, nimeanzia kusukuma toroli la faili. Swali lako la kwanza lina jibu, na jibu ni kwamba huandiki yoyote. Si kazi yako kuchagua umri wa mtu. Kazi yako ni kulipeleka jambo mbele likiwa limenyooka.

Desturi niliyofundishwa mimi ni kwamba tarehe aliyoitoa mtumishi siku ya kwanza ya ajira ndiyo inayofuatwa. Sababu yake ni kwamba siku ile mtu yuko mbali na kustaafu, hana anachovuna kwa kupunguza miaka. Lakini usiishike kama msahafu. Liangalie hilo jaladi: fomu ya 1991 imejazwa kwa mwandiko wa nani? Kama mama huyo ametia dole gumba na mwandiko ni wa karani, basi 1968 ni makisio ya karani. Nimewaona makarani wakimtazama mtu usoni wakaandika mwaka. Nami nilipokuwa kijana nimefanya hivyo mara mbili, na watu wale wawili bado nawakumbuka.

Kuna shahidi mwingine hukumtaja. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, ulianzishwa 1998, na yeye lazima alijaza fomu ya uanachama. Humo mna tarehe ya kuzaliwa. Andika barua ZSSF uombe nakala. Ikilingana na mojawapo ya hizo tatu, umepata pa kusimamia.

Kisha uandike dokezo sabili, ile karatasi ya ndani ya ofisi inayompelekea mkubwa jambo alitolee uamuzi. Tarehe zote, folio ya kila moja, nani aliijaza, mwaka gani, kwa sababu gani, na maneno yake mwenyewe kama alivyoyasema. Usipunguze. Lipande kwa Afisa Mdhamini wenu, msimamizi wa wizara huko Pemba, kutoka hapo liende Unguja. Tuna Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya 2011, tuna Kanuni za 2014, kuna Kamisheni ya Utumishi wa Umma, kuna Tume ya Utumishi Serikalini. Vyombo hivi havikuwekwa ili afisa mmoja wa Chake abebe roho ya mtu peke yake.

Na liwe na namba. Dokezo lisilo na namba ya folio ni kama halikuandikwa.

Mkojani wa Dodoma

Dada, mimi ni mtu wa Kojani, ila utumishi wangu ni huku Bara. Ninayokwambia ni ya huku, sheria zetu ni mbali na zenu, lakini somo lake linaweza kuvuka bahari.

Tulipofanyiwa uhakiki wa vyeti, orodha ya Aprili 2017 ilikuwa na watu 9,932 waliosemekana kuwa na vyeti vya kughushi. Wengi wao haki yao kuondoka, sina ubishi. Ila pembeni ya zoezi hilo waliondolewa watumishi wa darasa la saba, madereva, walinzi, wahudumu, kwa kukosa cheti cha kidato cha nne. Sharti la kidato cha nne lilikuwa la walioajiriwa baada ya tarehe 20 Mei 2004. Waliotangulia halikuwahusu, na wao wakakumbwa. Mwaka uliofuata, 2018, serikali ikaagiza walioajiriwa kabla ya tarehe ile warudishwe kazini.

Sasa fikiria aliyerudi alirudi kwa nini. Kwa barua ya ajira yenye tarehe. Nilikuwa naye ofisi moja dereva ambaye barua yake ilikuwa ya Machi 2003, mkewe aliihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya kliniki vya watoto. Ofisini kwenye faili haikuwapo. Isingekuwa mke yule, sijui.

Kwa hiyo usijaze kitu mpaka mtumishi mwenyewe akuletee alichonacho nyumbani. Watu wanatunza karatasi kuliko ofisi.

Mtu wa Ziwani

Nyote mnazunguka. Huyo ni mama maskini. Andika 1968, ndiyo iliyo kwenye fomu ya ajira, funga faili, mwache afike 2028 kwa salama. Nani atauliza? Huruma nayo ni utumishi.

Binti wa Masjala

Ndugu yangu wa Ziwani, nimelisoma neno lako usiku na nimelifikiria kweli, kwa sababu hata moyo wangu ulikuwa unaelekea huko. Lakini nimeshayasikia maneno yake. Nikiandika 1968 na kunyamaza, sijamlinda. Nimemtia kwenye uongo asioujua. Siku ya kustaafu watamwambia alete kitambulisho, kitasema 1963, na hapo atakuwa na miaka 65, hana mshahara, kiinua mgongo kimezuiwa, na afisa aliyekaa kiti changu hajui kilichotokea. Nimewaona wazee wa namna hii wakikaa kwenye benchi la nje ya ofisi yetu kutwa nzima na mkoba wa karatasi magotini. Nusu ya sababu iliyonifanya niipende kazi hii ni benchi hilo, nilitaka litoke pale.

Halafu fikiria upande wa pili. Tunaye kijana wa kujitolea, mwaka wa tatu huu anafagia na kupeleka barua akingoja nafasi ya uhudumu itoke. Na yeye ana mama.

Babu wa Mwembetanga, Mwenyezi Mungu akulipe. Nimeangalia fomu: mwandiko si wake, na chini kuna dole gumba. Barua ya ZSSF nimeiandika leo.

Mwalimu wa Micheweni

Samahani nitatoka kidogo nje ya swali, lakini naona ni jambo lile lile.

Mimi ni mwalimu mwaka wa 19. Ugatuzi ulipokuja 2017, elimu ya msingi ikashushwa kwenye mabaraza, faili zetu zikatolewa zilipokuwa zikapelekwa kwengine. Langu lilipofika halikuwa na barua yangu ya kupanda daraja. Nimetembea na nakala miaka miwili, kila dirisha naambiwa wanataka halisi. Halisi mliipoteza nyinyi, mimi nitaitoa wapi? Mishahara ilipopangwa upya 2022, kima cha chini kilipotoka 300,000 kufika 347,000, sote tulikuwa tukiulizana miaka yetu imehesabiwaje. Mwenzangu tuliyeanza naye siku moja, skuli moja, tulitofautiana mshahara. Sikumuonea wivu. Nilitaka tu mtu mmoja anifungulie faili anioneshe wapi hesabu yangu imekatika.

Katika miaka 19 sijapata kuliona faili langu. Limeandikwa juu yangu, limeamua mtoto wangu atasoma wapi, na mimi nalijua kwa kuhadithiwa.

Na hizo fomu za tathmini ya utendaji nazo ni hivyo hivyo. Zinaletwa mwishoni mwa mwaka, unaambiwa tia saini hapa na hapa, gari inaondoka. Mara moja tu, mwaka mmoja, nilikuwa na mwalimu mkuu aliyenikalisha chini ya mwembe na ile fomu, tukaenda mstari kwa mstari. Akaniambia hesabu nasomesha vizuri lakini daftari za watoto nazichelewesha kusahihisha. Iliniuma, na mwaka ule nilisahihisha kwa wakati. Alipohamishwa, fomu ikarudi kuwa karatasi.

Dada, unapozijaza hizo 183, waite wenyewe. Tafadhali. Hata kama itachukua muda.

Kijana wa Mfumo (Unguja)

Nafanya kazi upande wa kompyuta, si kwenye mfumo wenu huo, kwa hiyo nitasema yanayofanana kwenye mifumo mingi niliyoishika.

Sehemu yenye hatari si kisanduku cha tarehe. Ni nyuma yake. Taarifa za mtumishi zinalisha mshahara, mshahara unalisha michango ya hifadhi ya jamii, na kila mwezi kompyuta inatafuta waliofikisha umri ili iwaondoe. Haitauliza mtu. Ukikosea mwaka, mwezi unaofuata mshahara haupo, na kuurudisha kunataka saini za watu wanne ambao wawili wako huku, upande wa pili wa bahari.

Kwa hiyo waulize waliowaletea mfumo mambo matatu kabla hujaendelea. Je, rekodi inaweza kuhifadhiwa ikiwa haijathibitishwa, isipelekwe kwenye mshahara? Je, karatasi halisi inaweza kupigwa skani ikaambatishwa, ili anayefungua skrini aione na hati? Je, mabadiliko yanaacha alama ya nani kabadilisha, lini, kutoka nini kuwa nini? Wakijibu ndiyo kwa yote, huna haja ya kusimamisha kazi. Safi zote zijaze, zenye mgogoro ziache zikisubiri. Wakijibu hapana kwa la tatu, piga kelele kwa maandishi, kwa sababu hapo mtu yeyote mwenye nywila ataweza kumzalisha mtu upya.

Kosa nililoliona sehemu moja: waliweka vijana wa muda wajaze, wakalipwa kwa idadi. Faili lisilo na tarehe wakaliandikia 1 Januari. Ikawa nusu ya ofisi imezaliwa siku moja.

Mstaafu wa Mwembetanga

Kijana kasema kweli. Nami niongeze juu ya waliokaimu. Usiwaingize kama wakuu wa vitengo, na usiwaingize kama maafisa wa kawaida ukanyamaza. Kila mmoja mwandikie dokezo lake: nafasi ipi, tangu lini, kwa agizo la nani, posho ya kukaimu alipewa au hakupewa. Nilipokuwa kazini hilo ndilo lililokuwa likivunja ofisi polepole kuliko wizi. Mtu anabeba kazi ya mkubwa miaka minne kwa mshahara wa mdogo, siku nafasi inatangazwa anakuja mtu kutoka nje. Hasemi kitu. Ila kuanzia siku ile anaondoka saa tisa na nusu kamili.

Binti wa Masjala

Nimerudi baada ya wiki mbili, naona ni haki niwaambie nilikofikia.

Mkubwa wangu nilimpelekea karatasi moja tu, haikuwa na lawama. Upande mmoja faili zilizo safi, upande wa pili zenye mgogoro na aina ya mgogoro. Alikaa nayo asubuhi nzima. Mchana akaniita akaniuliza, "Na langu?" Nikamwambia lake lina tarehe ya kupanda daraja isiyolingana na barua. Akacheka kidogo, kisha akanyamaza, kisha akasaini niendelee kwa utaratibu wenu: zilizo safi ziingie, nyengine zisubiri, kila mtumishi asome ukurasa wake kabla haujaingizwa. Unguja nao wamejibu kwamba rekodi inaweza kusubiri bila kufika kwenye mshahara. Hilo la alama ya mabadiliko bado wananiahidi, nawaandikia kila Jumatatu.

Ukurasa wenyewe nimeufanya rahisi: jina, kuzaliwa, kuajiriwa, kuthibitishwa, madaraja, likizo, mrithi. Asiyesoma namsomea. Mwalimu wa Micheweni, wewe ndiye uliyenifanya niweke hilo. Mlinzi mmoja aliposikia kwamba mrithi wake bado ni mke aliyemuacha 2009, alishika kichwa. Dereva mmoja kaleta barua ya kuthibitishwa, na sisi tulikuwa tunamwambia hajathibitishwa. Alikuwa nayo nyumbani siku zote, hakuna aliyemuuliza.

Kwa yule mama nilikwenda mwenyewe, Jumamosi, nikapanda gari ya Wete nikamalizia kwa bodaboda. Sikutaka kumwambia ofisini mbele ya watu. ZSSF walikuwa wameshanijibu: fomu yao ina 1963. Nikamsomea yote. Nikamwambia maneno aliyoniambia kuhusu kutambaa yameandikwa pia, na nikamuuliza kama yabaki au niyatoe kabla dokezo halijapanda. Alikaa kimya, akawa anachambua mchele kwenye ungo. Akasema, "Yaache. Mama hakunidanganya." Kisha akaomba aione barua yake ya ajira, hakuwa ameiona tangu 1991. Nikampa nakala. Akamwita mjukuu wake amsomee, akamsomesha mara mbili.

Dokezo limepanda Jumatano, folio 47. Nimeandika wazi kwamba kosa la 1991 ni la ofisi, si lake, na nimeomba asidaiwe mshahara alioufanyia kazi. Sijui watasemaje. Kisanduku chake kwenye mfumo kiko wazi, na saa 12 na nusu bado anakuja.

Zilizosomwa mpaka leo ni 57 kati ya 183. Kesho ni zamu ya walinzi wa usiku, nitawafuata jioni wanapoingia lindo. Kama kuna aliyewahi kuandika barua ya kuomba mtumishi asidaiwe kwa kosa la ofisi, nakuombeni mniambie aliipanga vipi, ya kwangu bado naiona fupi.